Waliojibu Badala Yangu

Nianze na kazi yenyewe, maana watu wanaozungukazunguka kabla ya kuuliza hunikera. Nina miaka thelathini na minne, nimeachika, naishi Panda, hapa Likasi, katika nyumba ya zamani ya kambi ya wafanyakazi pamoja na dada yangu mkubwa, na ninauza picha na video zangu kwenye mtandao wa watu wazima. Wateja wanalipa kwa mwezi. Uso wangu hawajauona hata siku moja. Mengine wameyaona.

Dada yangu, ambaye kwetu tunamwita yaya, ni mshonaji na mwimbaji wa kwaya ya Kikatoliki, na ndiye anayenishikia taa. Sikumwomba. Siku moja alinikuta nahangaika kuiegemeza kwenye ndoo, akasema, "Leta apa, utachoma nyumba." Tangu siku hiyo anaishika, ila amenipa mgongo, kwa sababu alimwahidi Mungu kwamba hataangalia. Basi mwanga mara nyingi unakwenda ukutani. Nikimgombeza, ananijibu, "Minye nashika taa, siangalie. Weye njo songea," yaani mimi ndiye nisogee. Nusu ya picha zangu zimetoka na kivuli kwa sababu ya dhamiri yake, na wateja wanafikiri ni ufundi. Sijawahi kuwaambia ukweli. Nampenda mno huyu mwanamke.

Lakini kazi yenyewe hasa si picha, ni kujibu. Wateja wangu wengi ni wanaume wa kwetu walio mbali, Ulaya au Afrika Kusini, na picha wangeweza kuzipata popote, tena za wasichana wanaonishinda kwa kila kitu. Wanachonilipia ni mtu wa kuwauliza kwa Kiswahili cha nyumbani wamekula nini leo. Yuko anayepika bukari, ugali wetu, kwa unga wa dukani na kunitumia picha ya mabonge nimcheke. Yuko anayeniomba nimkumbushe kumpigia baba yake simu. Nimewajibu nikisonga bukari kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nimewajibu nikiwa chooni, nimewajibu hata kanisani, wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe.

Miaka mitatu ya hivyo, nikachoka. Nasema kuchoka, si uvivu. Macho yaliniuma, na nilianza kuwachukia watu niliowapenda. Mtu akiniandikia "umelalaje", natamani kuitupa simu kisimani.

Ndipo ikaja ajansi, kampuni ya kusimamia watu wa kazi yangu. Mwakilishi wao alitoka Lubumbashi, dada mdogo kuliko mimi, amevaa vizuri, na ana heshima kweli. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alieleza kila kitu taratibu. Wao watachukua nusu ya mapato. Mimi nitapiga picha tu, na waandishi wao watajibu wateja saa zote kwa jina langu. Alipendekeza tujaribu wiki mbili: nitawapa neno la siri la akaunti, naruhusiwa kusoma lakini si kuandika, ili mteja asijibiwe mara mbili. Jumatatu baada ya wiki hizo atarudi na mkataba, nami nitasaini au nitaacha. Kusaini maana yake ni kwamba akaunti itakuwa yao kwa miaka miwili.

"Na bale benye kuandika, ni banani?" yaya aliuliza.

"Ni bantu tatu, mama. Baba wawili na dada moja."

Yaya aliniangalia kuanzia kichwa hadi miguu. "Basi sasa uko na ndevu," akasema, akacheka mpaka akaweka mkasi chini.

Niliwapa neno la siri siku ileile. Sitadanganya, siku za mwanzo zilikuwa tamu. Nililala. Nilifua mapazia. Nilikaa mezani nikala chakula chote kikiwa moto, kisha nikaanza kugombana na yaya kwa kukosa la kufanya. Mapato hayakushuka. Moyoni nilikuwa nimeshasaini.

Katikati ya wiki ya pili wakanitumia ripoti ya wateja. Mmoja walikuwa wamemwandika kuwa "baridi", hanunui, haifai kupotezewa muda. Nikamjua mara moja. Ni mwanamume wa Kambove, amepita miaka hamsini, mjane, anafanya kazi kwenye ghala huko Ulaya na karatasi zake bado hazijakaa sawa, kwa hiyo akitoka hawezi kurudi. Ni kweli, picha zangu hanunui sana. Anachofanya ni kunisimulia habari za mama yake. Kwa miaka miwili nimejua mguu gani unamuuma yule mama na dawa gani ameikataa.

Nikafungua mazungumzo yake nisome. Siku mbili kabla alikuwa ameandika, "Mama alisha kufa. Kilio kiko kwetu Kambove." Chini yake, kwa jina langu, kulikuwa na mabusu matatu na picha yangu ya bafuni, imefungwa, na bei ya kuifungua. "Ya kukufariji, chéri."

Kwetu, penye kilio, hata aliyegombana nawe anakuja, anakaa chini, ananyamaza. Mama anayepita na sinia la ndizi kichwani haiti wateja mpaka avuke nyumba hiyo. Hakuna anayemuuzia kitu mwenye kufiwa. Haya hayaandikwi popote, mtoto wa miaka saba anayajua, na mimi, kwa jina langu na mwili wangu, nilikuwa nimemwekea bei mtu anayelia. Niliirusha simu. Niliirusha kitandani, kwa kuwa ni ya bei, lakini niliirusha kwa nguvu.

Na yeye alikuwa amejibu neno moja tu: "Aksanti." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nikaivunja sheria ya ajansi. Nikaandika kwamba ni mimi sasa, kwamba kwa siku kumi wengine wamekuwa wakimjibu, kwamba naona haya, na kwamba namlilia mama yake. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini.

"Nilijua haiko weye tangu siku ya pili. Nilifikiri unagonjwa, na ndugu yako njo anakushikia kazi. Sikupenda kazi ikufe. Njo maana niliendelea kulipa."

Nililia, nasema wazi. Kwetu mama muuza nyanya sokoni akiugua, mdogo wake anakaa mezani pake, na wewe unaendelea kununua hata kama huyo mdogo anakuchagulia mbovu, ili mgonjwa akipona akute meza yake ipo. Yeye alikuwa ameihesabu ajansi kuwa ndugu yangu. Alikuwa amevumilia mabusu ya wale baba wawili kwa ajili yangu, mpaka ndani ya msiba wake.

Kisha akaomba kitu. Likasi na Kambove si mbali. Je, naweza kwenda kumkalia mama yake kwenye kilio, hata saa moja?

Nina sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: sikutani na mtu yeyote wa kazi, wala wake, wala ndugu zake. Nilimwambia yaya kwamba siendi. Nikasema watu watauliza, nitajulikana, itakuwa aibu kwake yeye mwenye kilio.

"Nani atakuuliza kazi kwenye kilio?" yaya akasema. "Vaa kikwembe. Tunaenda na minye."

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, tumejifunga vitenge. Uwanja ulikuwa umefagiwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na moto mkubwa ulikuwa umebaki majivu. Tukakaa pembeni. Mama mmoja mfupi, mdogo wa marehemu, akatujia kuuliza sisi ni watu wa nani.

"Tuko ba kwa mutoto yake wa Ulaya," yaya akajibu bila kupepesa macho. "Ametutuma tumukalie."

Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hakuuliza nimemjuaje. Akasema, "Basi mumuambie, siku ya mwisho mama alikula sombe, akaomba tena. Asiwaze eti alikufa na njaa." Akatuletea bukari na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukala, tukaimba na wengine, yaya akiimba sauti ya pili kana kwamba ameijua familia ile tangu zamani.

Niliporudi nilimwandikia yote. Nilimwandikia habari ya sombe kwanza. Nikamwandikia rangi ya kikwembe walichotandika kwenye kiti cha mama yake, na kwamba shemeji yake, ambaye alishanisimulia, bado anaimba vibaya kuliko watu wote wa Kambove. Niliandika muda mrefu, na kwa mara ya kwanza mwaka huo macho hayakuniuma.

Jumatatu yule dada wa ajansi akafika na mkataba, akavua viatu mlangoni kama kawaida. Alikuwa ameshaona nilichofanya.

"Mama, mambo ya kilio hatukujua," akasema, na aliona haya kweli. "Tutabaambia bale benye kuandika, haitarudi."

"Mutabaambia iyo moja," nikamwambia. "Na zingine zenye hamujue?"

"Utachoka tena, mama."

"Nilisha choka. Lakini muntu akisema mama yake alikufa, minye njo nitajibu."

Alinirudishia akaunti yangu palepale, na yaya akamfungia karanga za njiani. Nilijua anachosema ni kweli. Nilikuwa nimeirudisha kazi yangu, na uchovu wangu pamoja nayo, na sikuwa na wazo la kufanya nini nao.

Jioni ile niliwaandikia wateja wote. Niliwaambia kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba wiki mbili si mimi niliyewajibu, na anayetaka kuondoka aondoke, sitamlaumu. Wengine waliondoka. Mmoja alinitukana matusi ambayo nilistahili nusu yake. Watatu waliuliza yule mwingine amekwenda wapi, maana walikuwa wameanza kumzoea. Yaya alicheka kwa siku mbili. Mimi ilinichukua zaidi kuanza kucheka.

Wa Kambove alikaa kimya wiki nzima. Nikadhani nimempoteza. Kisha akaandika.

"Ulisema ulichoka. Ulipumzika?"

Nikamjibu kwamba bado, kwamba nikipumzika nitawakosa watu.

"Pumzika weye. Tutakungojea."

Miaka mitatu nilikuwa nimewauliza wamekula nini, wamelala vipi, wamempigia baba simu. Kuningoja sikuwahi kuwaomba. Nilimpa yaya simu asome, akasoma mara mbili, akanirudishia.

"Basi zima," akasema.

Nikaizima.