Cherehani ya Barazani

Tangu mumewe afariki, Mama Cherehani alishona nguo kwenye baraza ya ukumbi wa zamani. Ujanani aliimba humo na bendi, kabla paa halijaoza na popo kuhamia ndani. Kwa hiyo kamati ya mtaa ilipoandaa tamasha la muziki kuchangisha fedha za kuukarabati, hakusubiri kubembelezwa. Alishona sare za waimbaji bure, kisha akapanda jukwaani mwenyewe, akaimba mpaka watu wazima wakatoa leso. Michango ikamiminika.

Ukumbi ulipokwisha kuezekwa na kupakwa rangi, mwenyekiti alimkuta barazani akitunga uzi kwenye sindano.

“Shikamoo, mama. Kamati imekaa. Cherehani hapa mbele inaharibu sura ya jengo.”

“Marahaba, mwanangu. Na nilipowaimbia, niliharibu sura?”

“Mama, hayo ni mambo mawili tofauti. Usinitie lawamani.”

Hakubishana. Mume wa bintiye alileta mkokoteni, wakapakia cherehani, kiti na mfuko wa vitambaa.

“Binadamu hana shukrani,” mkwe alisema akisonya.

Akahamia chumbani kwake, kwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wapita njia hawakumwona tena, na wateja wakapungua. Siku ya ufunguzi, mwenyekiti alimtuma mtu amwombe aje aimbe, japo wimbo mmoja.

“Mwambie sauti imenikauka,” alijibu, akainamia pindo la suruali.

Mjumbe alipoondoka, alitia komeo mlangoni, akalia kwa kwikwi.