Fundi Turubai Chini ya Amri Yangu

Mjomba wangu, mdogo wake mama, anashona maturubai ya malori. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati, na turubai likitandikwa humo nusu yake hulala barazani, wapita njia wakalizunguka bila kulalamika. Hushona akiwa amepiga magoti, shazia mkononi, ile sindano nene ya magunia, na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia. Suruali zake zote zina viraka magotini. Mkewe husema yeye aliolewa na magoti, mtu mwenyewe hajamwona bado.

Jumamosi mchana hufunga kazi, huvaa skafu, akawa mkubwa wa kikundi cha skauti cha mtaa wetu. Namwita mkubwa kwa mazoea tu. Kambini kwake hakukuwa na mkubwa zaidi ya mtoto mwenye filimbi. Alikuwa na utaratibu ambao vikundi vingine viliucheka: kila kambi mmoja wetu aliongoza, kwa zamu, kufuata daftari la majina, na tangu filimbi ilipovaliwa shingoni hadi siku ya kurudi, mjomba naye alikuwa chini ya mtoto huyo. Akitaka kutoka kambini, aliomba ruhusa. Akiambiwa aoshe sufuria, aliosha. Na aliyerudisha filimbi kabla ya kambi kwisha hakupewa tena.

Zamu ilinifikia nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa mtoto wa vitabu. Darasani nilijua majibu nikayaacha yanikae kooni. Nilimwomba mjomba aniruke. Akaniuliza kama niliwahi kuona ukurasa wa kuruka watu katika daftari lile, akaendelea kushona.

Naibu wangu alikuwa msichana mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Tulimwita Spika. Njia nzima alikuwa akiwatangazia wenzetu kwamba safari hii tunaongozwa kwa ishara. "Mpwa wa fundi akikohoa mara moja, tunageuka kulia," alisema. Wote walicheka. Kusema kweli hata mimi nilicheka.

Turubai la jikoni alikuwa amelishona mjomba mwenyewe, kwa wiki tatu, kutokana na vipande vilivyobaki kazini. Tulilifunga kwa kamba za katani, na hapo ndipo nilipokosea. Sikutaka lilegee hata kidogo. Nilipita kamba moja moja nikiwaonyesha kwa mkono: bado, vuta. Likakaza kama ngozi ya ngoma. Mjomba alilitazama, akanitazama, kisha akaenda kupasua kuni kama nilivyompangia.

Mchana manyunyu yakaanza, yakawa mvua. Katani ikilowa hufupika. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu cha skauti, na lilinirudia neno kwa neno pale kamba zilipoanza kulia. Zilihitaji kulegezwa mara moja. Vigingi vilianza kuinama. Wenzangu, waliokuwa wamebanana chini ya turubai na vyakula, walimtazama mjomba. Spika naye alikuwa kimya. Nadhani hakuwa amesoma ukurasa ule. Mlezi wa kikundi jirani, aliyekuwa amekimbilia kwetu kujikinga, hakuweza kuvumilia.

"Fundi, hilo litachanika. Si utoe amri?"

"Mimi hapa ni mpasua kuni," mjomba akasema. "Kiongozi ni yule."

Nilijikaza kisabuni. Kinywa kikafunguka, kisitoe kitu. Kona moja ikachanika, mpasuko wa urefu wa mkono, na maji yakamwagikia mfuko wa unga. Ndipo nikasema, "Legezeni kamba," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

Mjomba alikuwa karibu. "Ndiyo, kiongozi," akaitika, akaingia mvuani na kupiga magoti kwenye kigingi cha kwanza. Spika akamfuata, kisha wote.

Mvua ilipokatika nilimpelekea filimbi. Nilimwambia nimemharibia turubai, na kwamba mtu mwenye sauti angefaa zaidi. Hakuipokea. Alikuwa akikamua maji kwenye skafu yake.

"Umechelewa kusema," alisema. "Hilo ni lako, sikuondolei. Kesho usichelewe."

"Na wasiponisikia?"

"Waambie wasogee."

Nikaivaa tena filimbi.

Tangu wakati ule nimekutana na watu wazima wengi wanaosema wanawaamini vijana, na wengi wao huwapokonya kazi mara tu mambo yanapoharibika. Mjomba alisimama akilitazama turubai lake likichanika, dawa yake anaijua, na bado akaniachia nafasi yangu. Ukimya ule lazima ulimuuma. Sijui nimlipe nini. Nilipojaribu kumshukuru, siku nilipopata nafasi ya chuo kikuu, aliniuliza kama kule kuna mvua.

Pale kambini, asubuhi baada ya mvua ile, niliwapanga mstari, nikawaambia wasogee.

"Tusogee hadi wapi?" Spika akauliza.

"Hadi mnisikie."

Walisogea wakabanana, mabega yakigusana, wakanyamaza, maana bila kunyamaza wasingeambulia kitu. Niligawa kazi zote: wa kuanika unga, wa kuosha vyombo, wa kukagua vigingi. Spika nilimpa kushika turubai, na mjomba nikampa kulishona. Akanyoosha mkono, akaomba anywe chai kwanza.

Nikamwambia chai ni baada ya kazi. Wote walinisikia, naye akaenda kutafuta shazia.