Nusu Kichwa Getini

Majira ya baridi ya Johannesburg yana jua, na hilo ndilo linalowadanganya wageni. Unaliona dirishani, jeupe, mbingu haina hata wingu la kusingizia, unatoka na shati jepesi, kisha unarudi mbio kama mtu aliyeacha jiko likiwaka. Jua lipo, ila halimfuati mtu. Wewe ndiye unayelifuata linapokaa. Chuoni kwetu asubuhi lilikaa mahali patatu: ngazi za maktaba, ukuta wa nyuma wa jengo la sheria, na kibaraza kimoja kando ya bwawa la kuogelea ambalo hakuna mwenye akili aliyeliogelea mwezi huo. Nilipahesabu mara mbili. Mahali pa nne palikuwepo, lakini wavuta sigara walikuwa wamepashika na hawakuwa watu wa kupunguza bei.

Kwa hiyo kila nilipotoka maabara nilipanga njia yangu kwa jua, kama mchuuzi anavyopanga njia yake kwa kuwakwepa askari wa mji. Nyasi zilikuwa na rangi ya mkate mkavu. Hewa nayo ilikauka hadi kila chuma kikawa kinauma: ukigusa kitasa, cheche; ukisukuma lango la kadi, cheche. Ngazi za maktaba zilijaa wanafunzi waliojipanga kama nguo za kuanikwa, macho wameyafumba, na kivuli kilipopanda ngazi moja nao walipanda ngazi moja, bila kuambizana. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, na sikuwahi kumwona aliyeivunja.

Siku hiyo nilikuwa katikati ya uwanja, kati ya maabara na ngazi zangu, simu ikalia. Mama.

Mama yangu ni msusi. Tulitoka Bukavu, Kongo, nikiwa mdogo wa kubebwa. Tunalala Yeoville, yeye anasukia karibu na Joubert Park, chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kilichopasuka kwenye kona ambayo wateja hawaitazami. Mimi na yeye tulikuwa na mapatano ya simu. Nikiitikia “sharp”, maana yake niko katikati ya watu, aseme yeye, mimi nitaguna. Nikiitikia “mama”, basi niko peke yangu, tuzungumze kama watu. Halikuwa jambo la aibu. Ni vile tu mji huu una siku zake, siku ambazo ni busara Kiswahili chako kikae mfukoni pamoja na simu. Wiki ile ilikuwa na siku kama hizo. Tangu jana yake ujumbe ulikuwa unazunguka: kuna kundi litaandamana mjini, litapita duka hadi duka kuwaambia wageni wafunge na warudi kwao.

“Sharp,” nikasema.

“Weye, sikia. Bale batu bamefika kwenye stendi ya teksi. Jirani wa simu amefunga. Wa samaki amefunga. Mimi sijafunga.”

Nikageuka nyuma. Wasichana wawili na vikombe vyao vya kahawa. Nikageuka tena. Ni hao hao wawili. Nikaiacha “sharp” palepale.

“Mama, funga! Unangoja nini?”

“Nitafunga namna gani? Niko na mutu hapa. Iko nusu.”

“Nusu ya nini?”

“Ya kichwa! Kuume nimemaliza. Kushoto bado.”

Ambaye hajakulia saluni hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Mteja wa nusu kichwa hafukuzwi. Huwezi kumwachia mtu aende barabarani upande mmoja malkia, upande mwingine ametoka kitandani. Mama alishawahi kusuka wakati bomba limepasuka na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na alichokisema ni kwamba mteja ainue viatu.

“Basi suka minene umalize upesi.”

“Kuume nyembamba, kushoto minene? Kesho watu wa muchumba wake banakuja kwao kuongea mambo ya ndoa. Hata hawajamusalimia, bataanza kucheka. Na bataulizana nani alimusuka.”

“Mwambie aende, arudi asubuhi.”

“Nimemwambia. Amekatala.”

Nikamsikia mteja mwenyewe kwa nyuma, sauti nene ya mwanamke wa kitongoji cha Alexandra, akisema kwa Kizulu, “Mwambie huyo mtoto wako kwamba siendi popote na kichwa hiki!”

Karatasi za mama zilikuwa halali, zimepigwa muhuri kila panapostahili muhuri, lakini watu wanaotembea na fimbo si wasomaji wazuri. Na mama ninamjua. Ukimwambia akimbie, atakuuliza kwa nini. Ukimlilia, atakuambia ule kwanza. Njia ni moja tu: mpe biashara.

“Njooni huku chuoni, wote wawili,” nikasema. “Beba kitana na nywele, funga mlango. Utamalizia hapa.”

“Chuoni? Nitasukia ndani ya darasa?”

“Nje. Kwenye jua.”

Saluni yake inatazama kusini, upande ambao jua la huku halifiki. Wakati wa baridi ni friji yenye kioo.

“Jua iko?”

“Liko. Na ngazi za kukalia. Bure.”

Nikajua nimempata. Mama hajawahi kuligeuzia kisogo neno hilo. Akasema kitu kwa mteja, mteja akasema kitu kirefu zaidi, mlango wa chuma ukaburuzwa, halafu simu ikakatika.

Nikageuza njia kuelekea lango la upande wa daraja. Kutoka Joubert Park ni kupanda tu, unapita kituo cha treni, unavuka daraja la reli, umefika. Tatizo ni kwamba stendi ya teksi nayo iko huko huko, na waandamanaji nao wana miguu.

Nikampigia tena. Haikupokewa. Mara ya pili, vilevile. Nilitembea haraka lakini sikukimbia. Siku za namna ile mtu anayekimbia huulizwa maswali. Chuo kilikuwa kinaendelea na shughuli zake. Kijana mmoja alikuwa anampiga picha mwenzake chini ya mti usio na jani hata moja. Mfagiaji alikuwa anakusanya majani makavu, na upepo unamrudishia. Ndege wakubwa wa kijivu, wale wenye kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta, waliruka kutoka juu ya paa wote kwa pamoja, na chini ya kelele yao nikasikia nyingine: filimbi, na watu wengi wakiimba. Wimbo ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniudhi.

Mlinzi wa lango lile alikuwa mzee wa Kizulu, mnene, amejifunga blanketi kiunoni juu ya sare. Kibandani mwake mlikuwa na kihita kidogo na birika la umeme. Kila asubuhi nilimsalimia kwa lugha yake, naye kila asubuhi alinisahihisha. Safari hii alikuwa ameshika mnyororo na kufuli.

“Rudi ndani, mwanangu. Nimeambiwa kwa redio nifunge.”

“Baba, mama yangu anakuja.”

“Anakuja na nani?”

“Na mteja wake. Anamsuka.”

Akanitazama kuona kama ninamtania. “Anamsuka huku anatembea?”

“Ni nusu, baba. Amebakiza nusu.”

Akatazama daraja. Mbele yetu palikuwa na njia panda yenye taa, roboti kama tunavyoziita huku, na ng'ambo yake daraja likaanza kujaa vichwa.

“Nipe mpaka roboti igeuke kijani mara tatu,” nikasema.

“Moja.”

“Mbili, baba.”

“Moja. Na unaanza kuhesabu sasa.”

Nilikuwa nimetaja tatu nikitaka mbili, naye alijua, maana hata yeye hununua viatu mtaani kwa kupatana bei. Nikashika chuma cha lango, kikaniuma kwa cheche yake, sikukiachia. Kijani ikaja, ikaenda. Njano. Nyekundu. Hawakuwepo.

Mzee akaanza kutafuta ufunguo. Akajipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, chini ya blanketi. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Niliuona, naye aliniona nikiuona. Akarudia mfuko wa kulia.

Ndipo nikawaona. Walitokea kando ya ukuta wa reli, mteja mbele, mama nyuma yake akiwa ameshikilia msuko mmoja kati ya vidole viwili, maana haukuwa umefungwa mwisho na hakutaka ufumuke. Upande wa kulia wa mteja misuko ilishuka hadi begani, myembamba, yote sawa. Upande wa kushoto nywele zilisimama kama zimesikia habari mbaya. Walifika kwenye roboti, ikiwa nyekundu, na mama akasimama. Watu wanakuja nyuma yake na fimbo, naye anangoja taa.

Wanaume wawili waliotangulia mbele ya kundi wakawafikia. Mmoja akamsogelea mama, akamwuliza kitu. Sikusikia. Nilimwona mama amenyamaza, na nilijua kwa nini: mdomo ukifunguka tu, matamshi yanamtaja alikotoka. Nilikuwa na hatua chache tu za kutoka nje, na sikujua nikifika nitasema nini, kwa lugha ipi. Nilisukuma lango. Mzee akaniwekea mkono begani, mzito, wala hakunivuta.

“Subiri,” akasema. “Yule wa mbele anaongea.”

Mteja alikuwa anaongea kweli. Alikuwa anaongea kwa mikono yote miwili. Alijionyesha upande wa kulia, akajionyesha upande wa kushoto, akanyoosha kidole kifuani mwa yule mwanaume, akajionyesha tena kushoto. Mwanaume akatazama kile kichwa. Mwenzake naye akatazama, akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Taa ikageuka kijani. Wakavuka, mteja akiwa bado anafoka kwa nyuma, mama ameshikilia msuko wake kama mtu anayeongozwa gizani.

Walipopita langoni mzee akaupata ufunguo mara moja.

“Kanuni ni mgeni mmoja kwa mwanafunzi,” akasema huku akizungusha mnyororo.

“Haibo, baba!” mteja akamjibu, bado anahema. “Mimi ni nusu. Hujaona?”

“Ulimwambia nini yule?” nikamwuliza.

“Nilimwambia: mkimwondoa huyu mama, nani atanimalizia? Wewe? Haya, shika kitana.” Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani, akajifuta uso kwa kiganja. “Yule kijana ana umri wa mdogo wangu. Eish.”

Tulivuka uwanja wote watatu, na wanafunzi waligeuza shingo. Huku nyuma wimbo ulikuwa umefika kwenye ukuta na unapita nje yake, taratibu. Kwenye ngazi za maktaba watu walisogea wakatuachia nafasi bila kuombwa. Mteja akakaa ngazi ya chini, mama ya juu yake, mimi pembeni na fungu la nywele, kazi yangu ya tangu darasa la pili: kugawa, kunyoosha, kupokeza.

Msuko wa kwanza wa kushoto ukatoka umepinda. Mama akautazama, akaufumua. Wa pili ukapinda. Vidole hivyo nimeviona vikisuka sawa kwa mshumaa na kwa homa. Nikaingiza mikono yake kwenye mifuko ya koti langu, nikaibana humo, tukakaa hivyo mpaka filimbi zikawa mbali.

“Mikono iko baridi,” akasema.

“Ndiyo, mama. Baridi.”

Halafu akasuka. Na aliposuka akaanza kuongea, Kiswahili chake chote cha Bukavu, kwa sauti ya saluni, juu ya ngazi za maktaba: kwamba jua hili ni zuri, kwamba nimekonda, kwamba wa samaki akirudi atamcheka kwa kukimbia mapema. Nilitazama nyuma mara mbili kwa mazoea. Msichana aliyekuwa karibu alikuwa amelala na kitabu usoni.

Jirani wa duka la simu akampigia mama: kundi lilikuwa limepita mtaa wa saluni, limegonga milango na kuendelea. Mlango wa mama ulikuwa na alama ya teke, kufuli limeshika. Aliposikia hivyo mama akauliza kama kioo kiko salama, akaambiwa kona iliyopasuka ni ile ile.

Misuko haimaliziki bila ncha kuchovywa kwenye maji ya moto, zisifumuke. Nikarudi langoni. Mzee akanitazama, akatazama birika lake.

“Ulirudishe limejaa,” akasema.

“Nusu, baba.”

“Limejaa.”

Hapo sikubishana.

Ncha zilipochovywa, mteja akatoa simu, akajitazama kulia, akajitazama kushoto. “Ziko sawa pande zote?”

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Kushoto palikuwa na upungufu wa msuko mmoja, nyuma ya sikio, ambao wakwe wasingeuona hata wangeleta tochi.

“Ziko sawa,” nikasema.

Mteja akaanza kuinuka. Mama hakunitazama usoni. Alitazama midomo yangu, ambayo ilikuwa bado inahesabu. Akamwekea mteja mkono begani, akamkalisha.

“Bado moja,” akasema.

Kivuli kilikuwa kimefika kwenye miguu yetu. Tukapanda ngazi moja, na kila aliyekuwa juu yetu akapanda moja, nami nikatoa nywele za mwisho mfukoni.