Daftari la Somoe

Siku ile haijanitoka machoni, mwanangu Zuhura. Nilikuwa msichana mwenye nguvu na maneno mengi, nimekaa uani kwetu Miteja nabangua korosho. Baba yangu akaingia na Mzee Chande, karani mstaafu wa mahakama aliyekuwa akiwaandikia watu barua zao za kesi. Baba akaniuliza, "Daftari la hospitali la dada yako umeliweka wapi?" Nikajibu haraka, tena kwa kujivuna, kwamba nimelichoma. Baba akakaa chini pale pale mchangani, na kanzu yake nyeupe.

Kisa hiki sijawahi kukusimulia, na wewe kinakuhusu kuliko sote. Miaka yote nimekwambia mama yako aliondoka kwa amri ya Mungu. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari, na nusu ya pili nimeikalia. Juzi ulipokuja kutoka kwako Mtama, ukanipa daftari lako limefungwa kwenye kitambaa ukasema, "Mama mdogo, lichome, sitaki mtu yeyote alione," nililipokea tu. Leo nakujibu.

Mama yako Somoe alikuwa anakunyonyesha, una miezi minane, alipoona kivimbe kwenye titi la kushoto. Akaenda hospitali, jina lake nalihifadhi. Wakati ule ulikuwa unanunua daftari la shule dukani, unaandika jina lako juu, na kila daktari anaandika humo alichokiona na dawa alizokupa. Daktari akamwambia ni maziwa yameganda, akande kwa maji ya moto. Somoe alikuwa na haya, kanga aliifungua nusu tu, naye daktari hakujisumbua kumwambia aifungue yote. Akarudi mara ya pili, akapewa vidonge. Mara ya tatu nilimsindikiza mimi. Kivimbe hakikuwa kinamuuma, lakini ngozi ilikuwa imeingia vishimo kama ganda la chungwa. Nikasema, "Daktari, mbona hii haifanani na maziwa?" Akaniuliza kama mimi ni mkunga. Watu kwenye benchi wakacheka, nikanyamaza. Kuropoka kote kule nilikokuwa nako, mwanangu, siku niliyotakiwa kuropoka nikashindwa.

Mwaka ulikuwa karibu kuisha ndipo tukampeleka hospitali ya misheni. Kule walikata kinyama wakakipeleka kupimwa, jibu likaja kuwa ni saratani na imeshasambaa. Daktari wa kule alilifungua daftari la Somoe, akasoma ukurasa mmoja mmoja, kisha akachora titi, akaweka alama palipokuwa na kivimbe, akaandika chini yake mistari mingi. Sikujua ameandika nini. Nilijua tu kwamba uso wake ulikuwa umebadilika.

Somoe hakufika mbali baada ya hapo. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Wewe unajua, anayeosha maiti akiona aibu huifunika, haendi kuisimulia kisimani. Na mimi nililiona lile titi lilivyokuwa, nikaapa moyoni kwamba hakuna mwingine atakayelijua. Siku ya tatu tulipoondoa tanga, vitu vya marehemu vikatolewa vigawanywe: kanga zake, sufuria zake, mkeka. Katikati ya kanga kulikuwa na lile daftari. Nikawaza wajomba watalifungua, wataona titi la dada yangu limechorwa, watasoma habari za mwili wake. Nikalipeleka jikoni chini ya upande wangu wa kanga, nikalitia motoni. Mama mmoja aliniona, akanishika bega akasema, "Umemsitiri dada yako, Mungu atakusitiri." Nililia kwa kuridhika. Nililala usingizi mzuri siku ile, ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Kumbe baba, ambaye hakuwa mtu wa kusema sana, alikuwa ameshakwenda kwa Mzee Chande. Hakutaka kumfunga mtu. Alitaka daktari yule aulizwe, mbele ya watu wenye haki ya kuuliza, kwa nini hakupima. Mzee Chande akamwambia kwamba sheria inalo jina la jambo hilo, uzembe, na kwamba mtu anaweza kudai. Lakini dai linataka kuonyesha daktari alifanya nini na hakufanya nini. Na yote hayo yalikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wa daktari mwenyewe, na mwandiko wa mwenzake wa misheni ukimsuta.

Basi siku ile uani, baba akiwa amekaa mchangani, Mzee Chande aliniuliza polepole, "Binti yangu, ulipolichoma ulikuwa unamsitiri nani?"

Nikasema, "Dada yangu."

"Dada yako alishasitiriwa na sanda," akasema. "Uliyemsitiri wewe ni daktari."

Hakupaza sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Walijaribu hivyo hivyo. Hospitali ilifungua rejesta, wakaonyeshwa jina la Somoe na neno "jipu", basi. Misheni walitoa barua kwamba amekufa kwa saratani, lakini barua haikuweza kusema aliambiwa nini kabla ya kufika kwao. Daktari alikana kwamba alionyeshwa kivimbe. Baba aliandika malalamiko, akajibiwa kwamba hayakuthibitika. Baadaye yule daktari alihamishwa, sijui wapi, na sijui ni wanawake wangapi wengine aliwaambia wakande kwa maji ya moto. Baba alikufa hajanisema hata mara moja. Chakula nilichopika alikuwa anakula, ila alikuwa hanitazami.

Sasa na wewe umeambiwa maziwa yameganda. Miezi sita, Zuhura! Umekwenda mara nne, mpaka juzi ulipopimwa kinyama ukapewa jibu lile lile alilopewa mama yako. Nimekasirika, siwezi kukuficha. Na ninaogopa.

Nisikilize basi. La kwanza ni tiba. Usikose hata siku moja uliyopangiwa, na usiache dawa kwa ajili ya kesi, wala kwa ajili ya kunywa kombe la mganga yeyote. Waambie wanaokutibu habari za mama yako, zote, hata zile za aibu. Nina hamu ya kukuona unazeeka kuliko ninavyotaka kumwona mtu kizimbani.

Lakini kesi nayo usiiache ikapotea kimya kimya. Nilikwenda kwa dada mmoja msaidizi wa kisheria, hatozi kitu, nikamwuliza bila kukutaja. Alinieleza kwamba si kila kosa la daktari ni uzembe. Atatakiwa daktari mwingine aseme kwamba mwenye uangalifu angepima mapema. Kaombe nakala za vyeti na majibu yako yote. Andika malalamiko kwa mganga mfawidhi wa pale, na nakala yako igongwe muhuri ubaki nayo. Liko baraza linalosimamia madaktari, hilo linaweza kumhoji na kumwadhibu, ila fidia ni habari ya mahakama. Na mahakama ina muda wake, mwanangu. Ukipita, hata ukiwa na haki hawakusikilizi, na kituo kikiwa cha serikali lazima uitangulizie notisi kabla ya kushtaki. Kwa hiyo usingoje upone ndipo uanze kuuliza. Andika na kila unachokikumbuka: ulikwenda lini, ulisema nini, ulijibiwa nini, nani alikusindikiza.

Mumeo mweleze. Akiona aibu, mlete kwangu.

Huenda usishinde. Sitakudanganya kwamba haki iko mlangoni inakungoja. Lakini daktari aliyekwambia ni maziwa ataulizwa, na atajibu akitazama mwandiko wake mwenyewe. Baba yangu hakupata hata hilo, na aliyemnyima ni mimi.

Daftari lako sikulichoma. Lipo kwenye sanduku langu, nimelilaza juu ya sanda niliyojiwekea, na ufunguo ninao kiunoni. Uje ulichukue mwenyewe, kwa mkono wako. Mungu akuponye, akukuzie wanao machoni pako, akupe ulimi usiokatika mbele ya mkubwa yeyote. Na Somoe, huko aliko, anisamehe.