Embe Lisiloachia Kokwa

Juzi unyuzi wa embe ulininasa katikati ya meno haya machache niliyobakiwa nayo, nikahangaika nao kwa ulimi asubuhi nzima. Wajukuu wakanicheka. Wao wamezoea maembe ya siku hizi, unakata mashavu mawili, kokwa linabaki safi. Mie unyuzi ule ulinirudisha Temeke, enzi za Mwingereza, nilipokuwa na jino la mbele lililolegea.

Lilikuwa linacheza wiki nzima, na nyuma yake jipya limeshachungulia. Baba akasema Jumamosi akitoka bandarini ataling'oa: atalifunga uzi, ncha ya pili ataifunga kwenye komeo la mlango, kisha mlango utabamizwa. Kaka yangu Hamisi alishapitia mlango huo, akanisimulia kwa raha zake, damu akaiongeza mpaka ikajaa kata. Jumamosi yenyewe, nawaambieni ukweli, hata kuupita mlango ule sikutaka.

Mchana nikakimbilia kwa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliuza matunda barazani, na mafungu aliyapanga kwa namna yake: huku yanayoachia kokwa, kule yanayong'ang'ania. Parachichi kwake lilikuwa tunda lenye adabu, ukilipasua tu kokwa linadondoka lenyewe. Vibogoyo aliwauzia ya upande huo. Zambarau, kunazi na maembe ya nyuzi, hayo alisema ni ya wenye meno na subira.

Nilimkuta Hamisi keshakaa, anakula parachichi kwa sukari. Nikajua na langu lipo. Shangazi akanitazama nilivyofumba mdomo, akaniambia niachame, akachungulia. Kisha akainamia maembe, akawa anaminya moja moja, ananusa, anarudisha, mwishowe akaniletea kiembe kidogo, nyuzi tupu.

"Usikate kwa kisu," akasema. "Ling'ate kwa meno ya mbele, ulifyonze mpaka kokwa liwe jeupe."

Iliniuma! Hamisi kijiko, mie nyuzi. Nilinuna, lakini Shangazi hakuwa mtu wa kubishiwa, na embe lenyewe lilikuwa tamu. Nikavuta, nikafyonza, maji yakanitiririka hadi viwikoni, hasira zangu zote nikazimalizia kwenye kokwa lile. Mara ulimi ukatumbukia shimoni. Jino halipo.

Nikapiga yowe. Si kwa maumivu, maana sikusikia chochote, ila tuliambiwa jino usipolirusha juu ya paa halioti jingine, na mie nimelimeza. Nikajiona bibi harusi mwenye pengo. Shangazi hakushtuka hata kidogo. Akalichukua kokwa mkononi mwangu, akazipekua nyuzi kwa ukucha kama anayetafuta chawa, akanionyesha: jino langu, limenasa katikati.

"Tunda hili haliachii kitu," akasema. "Haya, karushe."

Nikalirusha juu ya makuti. Baba aliporudi na baiskeli yake nilimpokea mlangoni nikicheka kwa pengo langu lote. Mwili ulikuwa mwepesi siku ile, sijui kama nimewahi kuwa mwepesi vile tena.

Lakini kinyongo cha parachichi nilikaa nacho. Nikakua, nikaolewa, Shangazi akafariki nami nikiamini alimpenda Hamisi kuliko mie. Kisha jino la binti yangu wa kwanza likalegea, akawa analia kila akiona uzi. Nikaenda sokoni. Muuzaji akanichagulia dodo zuri, nikalikataa. Nikaminya fungu zima, nanusa, narudisha, natafuta lenye nyuzi kuliko yote, na katikati ya kuminya mikono ikasimama.

"Shangazi, nisamehe," nikasema, machozi yakanitoka pale pale mbele ya watu. Muuzaji maskini akadhani nalilia bei.