Haboba Anaomba Moto

Tuliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na bibi yangu, bila kujua tunakwenda wapi. Alikuwa amevaa viatu vyake vya mazishini, maana ndivyo pekee visivyombana, na mkononi ameshika kopo tupu la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini na kufungwa waya wa kushikia. Mimi nilibeba mfuko wenye gauni lake la kulalia, dawa za presha na nusu mkate.

"Tunaenda wapi?" nikamuuliza tulipofika barabarani.

"Ningekuwa najua ningekuchukua wewe? Ningechukua mtu mwenye akili. Katika familia hii yote ni wewe tu mwenye uzoefu wa kuondoka."

Hakunionea. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nimelala katika miji ambayo siwezi hata kuitamka vizuri. Binamu zangu wana digrii na viatu vya kung'aa, nami nikitajwa kwenye karamu watu hushusha sauti. Haboba, ndivyo tunavyomwita kwa Kinubi, ndiye pekee ambaye kila niliporudi aliniuliza nimeona nini kabla ya kuniuliza nina kazi gani.

Siku hiyo saa nne lori lilikuwa linakuja kumhamisha. Nyumba yake ya Naguru, nyuma ya kambi ya polisi, ambayo alikuwa amepanga tu, ilikuwa imeuzwa na mwenye nyumba, na watoto wake saba walikuwa wamekubaliana kwenye simu kwamba ataishi kwa mjomba wangu mkubwa nje ya mji. Kule kuna ukuta wenye waya wa umeme, geti, askari wa geti na mbwa wawili. Haboba alikuwa amekwishajaribu kukaa wiki moja.

"Wiki nzima niliwasalimia mbwa," alituambia aliporudi. "Na wenyewe waliitikia shingo upande."

Asiyemjua angedhani ni mzee mwenye madeko. Lakini alizaliwa katika ukoo wa Kinubi, Waislamu waliotokana na wale askari wa zamani waliotoka Sudani, akaolewa na konstebo Mkatoliki wa kaskazini, akazungushwa na uhamisho kutoka kambi moja hadi nyingine mpaka wakaishia Kampala. Nusu ya watoto wake wanafunga Ramadhani, nusu wanavaa rozari, wote wanakula sufuria moja. Kambini alizalisha wanawake, akaosha maiti, akaamua kesi. Wake wawili wa sajini mmoja walipokuwa wakipigana kila siku, aliwafungia jikoni na kuku mmoja hai na kisu kimoja, akasema mlango utafunguka akisikia harufu ya mchuzi. Walitoka jioni wakiwa na manyoya kichwani, wakimtukana yeye kwa pamoja. Aliona huo ni ushindi mkubwa kuliko nishani ya mumewe.

Na kulikuwa na desturi ya moto. Mke wa askari aliyehamia kambini, siku ya kwanza, alikwenda kwa jirani kuomba makaa ya moto, hata kama kiberiti kipo kifuani. Jirani hakutoa hivi hivi. Alimhoji kwanza: umetoka kambi gani, una watoto wangapi, mumeo analewa siku zote au siku ya mshahara tu? Makaa yakipoa kabla maswali hayajaisha, yanawashwa mengine. Ukifika kwako na moto wako, kambi nzima imeshakujua, nawe umeshajua nani mchoyo na nani mbeya.

"Basi nitaomba moto," alisema, akitikisa kopo. "Pale watakaponipa inavyotakiwa, ndipo nitakapokaa."

Tukapanda boda wote wawili, yeye katikati, miguu upande mmoja.

"Jaja, nishike vizuri," dereva akasema, akimwita bibi kwa Kiganda.

"Nikikushika vizuri mke wako atakula nini leo, hasira?"

Dereva alicheka mpaka Old Kampala. Pale tulipanda ngazi za ghorofa moja lenye maduka chini, tukagonga mlango uliopakana na chumba kitupu kilichokuwa kinapangishwa. Mwanamke alichungulia nyuma ya nondo, akamsikiliza Haboba, akaingia ndani, akarudi na kiberiti kizima, akakipitisha kati ya nondo.

"Chukua tu, bibi. Usirudishe."

Haboba alishukuru kwa adabu zote. Tuliposhuka akampa kiberiti muuza karanga. "Umemwona? Amenilipa niondoke."

Simu yangu ikalia. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Mama yuko wapi?" mjomba akafoka.

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

Haboba aliichukua simu. "Mwanangu, umekunywa chai?"

"Mama! Lori liko hapa!"

"Nalo lipe chai."

Walibishana mpaka muuza karanga akaacha kuuza asikilize. Mwishowe mjomba, ambaye ana miaka sitini na bado anamwogopa mama yake, akakubali: mpaka saa kumi. Akipata chumba chenye watu wa maana, lori litakwenda huko. Asipopata, atamfuata popote alipo, na mimi atanifungia getini na wale mbwa.

Tukarudi mashariki, hadi Kyambogo, kwenye vyumba vya wanafunzi. Wasichana watatu walimkalisha kitandani, wakampa soda. Moto hawakuwa nao, wanapikia umeme. Mmoja akaomba kupiga picha kopo, akisema ni la kienyeji kweli, ingawa chapa ya kiwanda ilikuwa bado inasomeka. Haboba aliwapenda. Nilidhani tumefika.

"Likizo mnakwenda wapi?" akawauliza.

Mbarara, Gulu, Soroti. Kila mmoja kwao.

"Watoto wazuri," aliniambia nje. "Lakini miezi mitatu kila mwaka nitakuwa ninasalimia milango."

Saa nane aliketi kwenye kizingiti cha duka, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilitoa simu, nikasema labda nimpigie mjomba, si vibaya, kule kuna choo cha ndani. Hakunitania. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko miguu.

"Nikienda kule," alisema, "nitakufa nikiwa na afya nzuri."

Nikarudisha simu mfukoni. Nikamwambia kwamba miaka ya nyuma niliwahi kukaa Port Bell wiki mbili nikisubiri meli ya mizigo iliyokataa kunichukua.

"Kuna watu?"

"Wengi mno. Wanagombana kutwa."

"Na umenyamaza tangu asubuhi! Lete boda."

Port Bell ilitupokea na harufu ya mukene walioanikwa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Juu ya reli mabehewa yalikuwa yanangoja feri. Nyuma ya hapo kuna vyumba vya mstari mmoja, mlango kando ya mlango, na kwenye kamba sare za askari magereza zilikuwa zinakauka pamoja na nepi. Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu. Mwenye vyumba, mwanamke mnene wa makamo, alikuwa anakaanga kasava kwenye sigiri.

"Nyabo, naomba moto," Haboba akasema, akimwita mama kwa heshima ya Kiganda.

Mwanamke hakuinua kichwa. "Moto wa nani? Makaa haya nimenunua. Wewe unatoka wapi?"

Nikamwona Haboba akinyoosha mgongo.

"Naguru."

"Naguru hakuna moto? Na huyu ni nani, mbona amekonda hivi? Anaumwa?"

"Huyu ni mjukuu wangu. Haumwi, anazurura."

"Watoto unao?"

"Saba."

"Saba, na unatembea na kopo! Umewakosea nini?"

Maswali yalikwenda hivyo mpaka kasava ya kwanza ikaungua. Haboba alipotaja chumba, mwanamke akatikisa kichwa.

"Wazee sipangishi. Mzee akifa ndani, wapangaji wanahama wote. Yalinikuta."

"Wapangaji wako ni wangapi?"

"Pamoja na watoto, thelathini na kitu."

"Basi ondoa wasiwasi. Siwezi kufa kabla sijawajua wote, na mimi hujua watu polepole."

Mwanamke aliuma mdomo asicheke. Bado alikataa. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Hapo kelele zikalipuka kwenye bomba. Wake wawili wa askari magereza walikuwa wanavutana madumu, kila mmoja akisema zamu ni yake, na maneno yalikuwa yameshafika kwa mama zao. "Ndiyo hao," alisema mwenye vyumba. "Kila siku, saa hii hii."

Haboba alikwenda akichechemea, akapita katikati yao, akasukuma dumu la mmoja kwa mguu na dumu la mwingine kwa makalio, akatega kopo lake lenye matundu chini ya bomba. Maji yakaingia na kutoka. Akasimama anangoja lijae.

Waliachia madumu. Kisha wakamgeukia kwa pamoja.

"We bibi, foleni huioni?"

"Mwambie, dada! Zamu ni yetu!"

"Kopo lenyewe limetoboka! Tutalala hapa!"

"Ni yenu ninyi wawili?" Haboba akauliza. "Mbona nilisikia ni ya mmoja?"

Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, mwenzake akajaribu kujizuia akashindwa. Mwenye vyumba alikuwa amekaa chini kando ya sigiri, anapangusa machozi kwa ncha ya khanga.

"Chumba chukua," alisema alipopata pumzi. "Lakini bomba ni kazi yako."

Nilimpigia mjomba. Saa kumi na robo lori likaingia likirudi kinyumenyume, naye ndani, uso umekunjamana. Kabla hajasalimia, mwenye vyumba alikuwa amemsimamia.

"Wewe ndiye mkubwa? Mama anatembea na kopo na wewe una gari?"

Mjomba, ambaye ofisini kwake watu husimama akiingia, alisema, "Samahani, nyabo."

Kitanda cha mvule hakikupita mlangoni. Tulikilaza, tukakisimamisha, tukajaribu dirishani. Wapangaji wote walitoka kutoa ushauri, na hakuna wawili waliokubaliana. Haboba, ameketi kwenye kigoda cha watu na sahani ya kasava mapajani, akaamua.

"Kipeleke kwako, mbwa walalie. Mimi godoro linanitosha."

"Godoro haliingii!" mwenye vyumba akapaza sauti. "Kunguni wa Naguru siwataki hapa. Lianikeni kwanza, mlipige!"

Miaka mingi hakuna aliyethubutu kumkaripia Haboba. Alitutazama mimi na mjomba, akitafuna, amefurahi waziwazi.

"Mmesikia," akasema. "Pigeni."

Jua lilikuwa limebaki kwenye chanja za mukene tu. Tukalilaza godoro hapo, mjomba akavua koti, akaokota fimbo.

"Mama atanuka samaki," akasema.

"Atanuka."

Akapiga. Vumbi likatoka, na nyuma yetu watu wawili walianza kubishana kwamba hatujui kupiga godoro.