Wanafunzi Saba na Boriti Moja

Mume wangu ni mtu mwema. Nalisema kwanza, maana nikishaanza kukasirika nitasahau. Anaitwa Jean-Berchmans, lakini hapa Nyamianda ukiuliza nyumba ya Jean-Berchmans watakukodolea macho. Uliza nyumba ya Injinia, mwenye pikipiki yeyote atakufikisha mlangoni. Na Injinia mwenyewe hajawahi kujenga hata choo! Choo chetu alijenga kaka yangu.

Ni mwalimu wa fizikia. Alasiri, shule ikitoka, huwakusanya barazani kwetu wanafunzi wa mwaka wa sita wanaotaka kusomea uinjinia, akawatayarisha kwa konkuru, ule mtihani wa kuingia politekiniki. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mashine yangu iko dirishani, kwa hiyo miaka ishirini na moja nimesoma fizikia bila kutaka.

Vitabu hakuna. Kuna daftari lake moja la zamani na kuna tablo, ubao mweusi wa kuandikia. Anaandika, wanaandika. Anasema, wanaitikia. Kila swali lina njia yake, kila njia ina maneno yake, na maneno hayabadilishwi. Anapiga tablo kwa ngumi: "Boriti!" Nao wanaitikia pamoja, kwa Kifaransa, hadi kuku wanakimbia: uzito wa boriti tunauacha, tunahesabu mzigo peke yake. Hata mimi nilikuwa naitikia, mguu uko kwenye pedali. Mwanafunzi akijaribu kuandika kwa maneno yake mwenyewe anafutiwa. "Weye ni nani ubadilishe?" Na matokeo ya Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, watoto wake wote wamefaulu, wanamwagiwa poda kichwani, barabara nzima inakuwa nyeupe. Mwamba ngoma huvuta kwake, najua, lakini mtaani kwetu hakukuwa na mwalimu kama yeye.

Mwaka jana walikuwa saba, na kati ya hao saba alikuwamo Chérie. Mto Mulongwe ulipofura ukabeba nyumba yao, alikuwa bado mdogo, akasema atajenga madaraja. Watoto husema mengi. Huyu hakuacha kusema. Alikuja barazani mvua ikinyesha, alikuja akiwa na malaria, nikawa namfukuza akalale, hasikii. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Huyu akiingia politekiniki, Bibiche, minye nitakufa nikiwa nimeshiba." Hakumwambia Chérie mwenyewe, asije akavimba kichwa.

Watahini watatu wakatoka Bukavu, wakafanyisha konkuru katika sale, ule ukumbi wa parokia. Siku ya nne ukaja ujumbe: Mwalimu aitwe.

"Wanataka kunipongeza," akasema. "Vaa vizuri, twende usikie."

Nikampigia pasi koti. Wanafunzi saba nao wakatufuata, wakabaki uwanjani wanasukumana na kucheka. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Nilisema moyoni: leo na sisi.

Mkubwa wa watahini, Profesa Révérien, mtu mwembamba wa sauti ya chini, alikuwa ametandaza karatasi saba mezani.

"Mwalimu, tazama. Nani alikopia kwa nani?"

Mume wangu akacheka! "Profesa, batoto bangu habaibi. Ndivyo ninavyobafundisha. Wote njia moja, neno kwa neno."

"Na hapa je?"

Akaweka kidole mstari wa tatu. Swali lilitoa boriti ya mita sita, imelazwa juu ya nguzo mbili, na juu yake mfuko wa saruji. Uzito wa boriti yenyewe uliandikwa wazi: nyutoni mia sita. Na wote saba, mstari wa tatu, wameandika: uzito wa boriti tunauacha.

"Uzito umepewa, Mwalimu. Unaachwaje?"

Mimi ni fundi cherehani, hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Patroni, ile karatasi ya kukatia kitambaa, ikikatwa vibaya, sketi saba zote zinavuta upande mmoja. Nikamtazama mume wangu. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya lile koti.

"Kuna maswali ambayo hayataji uzito," akasema polepole.

"Katika hayo, uuache. Na katika hili?"

Akaisoma tena ile mia sita. Halafu akasema, na hakuna aliyemwuliza: "Hata minye, mwaka ule nilipofanya konkuru, niliandika hivyohivyo. Nikaanguka. Sikujua sababu mpaka leo."

Yee! Miaka ishirini na minne ya ndoa ananiambia alirudi kutoka politekiniki kwa sababu ya vita, kumbe hakuingia kabisa. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimhurumia.

Révérien hakuwa mtu mbaya. "Muntu akiiba mtihani, jina lake linafutwa, harudi tena," alisema. "Lakini kama walikariri tu, hawakuiba. Niitie mmoja, yule mwenye nguvu kuliko wote. Akifanya peke yake hapa mbele yangu, nitawarudishia wote saba mtihani, waufanye upya."

Chérie akaingia anatabasamu, maskini, anafikiri ni mambo ya pongezi. Akapewa chaki na swali lingine: boriti ya mita nane, uzito wake nyutoni mia tisa. Akalisoma kwa sauti, hata uzito akausoma, Kifaransa safi. Akachora boriti imenyooka. Akaandika mstari wa kwanza, wa pili. Kisha chaki ikasimama.

Aliona. Naapa aliona. Aliirudia ile mia tisa kwenye karatasi, akaiwekea kidole, uso umekunjamana. Nilishika kiti.

Mume wangu akashindwa kuvumilia. "Boriti, Chérie!" akapaza sauti. "Boriti!"

Alitaka kumwambia aiangalie. Lakini mtoto aliposikia sauti ile, mgongo ukanyooka, akaitikia palepale kama yuko barazani, na mkono ukaandika: uzito wa boriti tunauacha.

Révérien akazikusanya zile karatasi. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Nimeamini hawakuiba," akasema. "Majina yao sitayafuta. Lakini siwezi kuwachukua."

Mtaani wakasema watoto wameonewa na watu wa Bukavu. Mume wangu akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi kwamba kosa ni lake. Wakamsifu! Eti tazama mtu mnyenyekevu. Kufika Jumatatu, wazazi wengine tisa walikuwa wameleta watoto wao awafundishe. Akawarudisha wote, asubuhi nzima akabaki amelala na viatu miguuni.

Jumamosi akamwita Chérie peke yake. Konkuru iliyofuata, ya mwaka huu, ilikuwa bado mbali, akaona kuna nafasi ya kurekebisha.

"Leo hakuna kuitikia," akamwambia. "Uzito wa boriti, ukipewa unauhesabu. Swali ndilo litakuambia. Unasoma, unafikiri."

Chérie aliandika yote, haraka, bila kuinua kichwa. "Nimekamata, Mwalimu. Uzito wa boriti hauachwi."

"Hapana, mwanangu, si hivyo. Swali likisema boriti ni nyepesi, uzito wake ni sifuri, utafanya nini?"

Akamtazama usoni, anatafuta jibu humo.

"Usiniangalie minye. Fikiri tu. Hata ukikosea si kitu."

Nikaisimamisha mashine. Sema, mtoto, niliomba kimoyomoyo, sema lolote, hata upuuzi. Mume wangu alikuwa amefumba macho ili asimwoneshe chochote. Chai niliyokuwa nimewawekea ikapoa.

Kisha Chérie akafungua ukurasa mpya, akashika kalamu yake ya biki, akasubiri aambiwe.